Nyuma ya Rafu: Bidhaa za Maduka ya Vijijini na Kahawa ya Miteremko ya Mlima Elgon, Uganda, 1900–1987

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya bidhaa za kila siku, hususan chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa na nguo, katika historia ya kilimo cha kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba duka la kijijini lilikuwa kiungo cha lazima cha mfumo wa zao la biashara, na kwamba magendo ya kahawa ya miaka ya 1970 hayaeleweki vyema pasipo kuchunguza kilichokuwa kikiuzwa, au kilichokosekana, dukani. Makala yanaonesha kuwa kilichovunjika mwaka 1972 kwa sehemu kubwa si duka lenyewe bali mnyororo wa ugavi na mali kauli uliokuwa nyuma yake. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Historia ya uchumi wa vijiji vya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa upande wa kile ambacho mkulima huuza. Tunazo tafiti nyingi kuhusu pamba, kahawa, katani na chai. Kuhusu vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kuhusu bei ya mkulima na kodi ya serikali. Kile ambacho mkulima hununua kimepewa nafasi ndogo zaidi. Duka la kijijini hutajwa pembezoni, kama mahali pa kupitia, na bidhaa zake huonekana ndogo mno kustahili uchunguzi wa mwanahistoria.

Mwelekeo huo una gharama. Mkulima hapandi kahawa ili apate noti. Hupanda ili noti hizo zimpatie chumvi, jembe, ada ya shule na nguo. Ikiwa noti haziwezi kununua vitu hivyo, bei ya kahawa hubaki namba katika daftari la chama cha ushirika. Kwa hiyo swali la kihistoria kuhusu uzalishaji wa zao la biashara halitenganishwi na swali la rafu: palikuwa na nini dukani, kilitoka wapi, na kilifikaje?

Makala haya yanasoma upya historia inayofahamika ya eneo la Wagisu na majirani wao Wasebei kwa kuanzia katika swali hilo. Eneo hili linafaa kwa sababu tatu. Kwanza, ni eneo la wakulima wadogo wenye mashamba yao, wanaolima ndizi na maharage pamoja na kahawa ya arabika. Pili, liko mpakani, hivyo mkulima wake aliweza kuchagua duka la nchi nyingine duka la nchi yake lilipokuwa tupu. Tatu, chama chake kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, kilichoanzishwa mwaka 1954, kimechunguzwa kwa kina, hasa na Stephen G. Bunker, ambaye alionesha kuwa nguvu ya wakulima hawa mbele ya dola ilitokana na uwezo wao wa kuondoa zao lao sokoni. Makala haya yanaongeza upande wa pili wa uwezo huo, yaani mahitaji yaliyowarudisha sokoni.

2. Bidhaa chache zisizo na mbadala rahisi

Orodha ya bidhaa za duka la kijijini katikati ya karne ya 20 ilikuwa fupi, na ilifanana karibu kote Afrika Mashariki: chumvi, sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya taa, viberiti, sigara, nguo na uzi, majembe, sufuria, betri, daftari za shule na dawa za maumivu. Muuzaji alipasua bidhaa hizo katika vipimo ambavyo mfuko wa mkulima ungeweza kumudu. Sabuni ilikatwa vipande, mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa, chumvi na sukari zilifungwa katika karatasi. Upasuaji huo ulikuwa kazi yenye thamani ya kiuchumi, kwani ndio uliomwezesha mtu mwenye fedha kidogo kwa siku kushiriki katika soko la dunia.

Si kila bidhaa ilikuwa mpya. Kabla ya ukoloni watu wa Elgon walipata chumvi kwa kuchuja majivu ya mimea na kwa kubadilishana na majirani, na mapango ya mlima yalikuwa na udongo wa chumvi uliotumiwa kwa mifugo. Mafuta yalitokana na ufuta na samli. Mavazi yalikuwa ya ngozi na magome. Lakini kufikia miaka ya 1950 ujuzi wa kutengeneza baadhi ya vitu hivyo ulikuwa umefifia, na muda wa kuvitengeneza ulikuwa umeingia katika kahawa. Mwanamke aliyekuwa akichuja chumvi alikuwa sasa akichuma, akimenya na kuanika kahawa. Kaya ilikuwa imebadilisha kazi moja kwa nyingine kwa kuamini kuwa duka litakuwa na chumvi. Imani hiyo ndiyo msingi wa makala haya.

Lugha yenyewe ni ushahidi wa safari ya bidhaa hizi. Neno duka, lenye asili ya Kiarabu na lililopitia lugha za Bara Hindi, liliingia katika Kiganda kama dduuka. Sukari ikawa sukaali, sabuni ikawa sabbuuni, sufuria ikawa ssefuliya, kiberiti kikawa kibiriiti. Kiswahili kilifika katika nyumba nyingi za Uganda kwa njia ya bidhaa kabla ya kufika kwa njia ya shule au tamko la serikali.

3. Kujengwa kwa mnyororo wa duka

Biashara ya maduka katika Uganda ilipanuka baada ya reli kutoka Mombasa kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyabiashara kama Allidina Visram, aliyeanza shughuli zake katika pwani na kueneza matawi yake hadi bara, waliunganisha bandari, ghala la mjini na kijiduka cha mashambani katika mfumo mmoja. Mji wa Mbale, uliokua kutokana na makazi ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne, uliwavutia wachuuzi Waswahili, Waarabu na Wahindi. Reli ya tawi kutoka Tororo ilipopita Mbale kuelekea Soroti mwishoni mwa miaka ya 1920, mji huo ukawa kitovu cha ununuzi wa pamba ya tambarare na kahawa ya mlimani.

Mfumo huo uliendeshwa kwa mali kauli. Mwagizaji wa Mombasa au Kampala alimpa muuzaji wa jumla wa Mbale bidhaa kwa ahadi ya malipo. Muuzaji wa jumla akampa mwenye duka. Mwenye duka akamkopesha mkulima hadi msimu wa mavuno. Deni lilishuka kutoka bandarini hadi jikoni, na fedha za mazao zikapanda kwa njia ileile. Hivyo duka lilikuwa pia taasisi ya mikopo ya msimu, katika maeneo ambayo benki hazikufika.

Mfumo haukuwa wa haki. Sheria za kikoloni zilibana biashara katika vituo vilivyotangazwa rasmi, na hali hiyo iliimarisha mkusanyiko wa mtaji mikononi mwa Waasia, hasa katika biashara ya jumla. Waafrika walilalamikia mizani, bei na ugumu wa kupata mkopo. Malalamiko hayo yalizaa mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika huko Buganda mwaka 1959, na baada ya uhuru yalizaa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969, iliyowawekea mipaka wafanyabiashara wasio raia.

Jambo moja, hata hivyo, hupotea katika masimulizi ya jumla. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, idadi kubwa ya maduka madogo ya vijijini tayari ilikuwa mikononi mwa Waafrika. Mkulima wa mlimani alinunua chumvi yake kwa jirani yake, na jirani huyo aliteremka Mbale kununua kwa jumla kwa muuzaji wa Kiasia, mara nyingi kwa mali kauli. Ubaguzi wa mfumo ulikuwa umesimama katika ngazi ya jumla, uagizaji na viwanda zaidi kuliko katika rejareja ya kijijini. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kilichotokea baadaye.

4. Mwaka 1972: kilichovunjika

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akiwahutubia wanajeshi mjini Tororo, kusini mwa eneo tunalolichunguza, alitangaza uamuzi wa kuwaondoa Waasia. Muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, na mali zao zikagawiwa, nyingi zikienda kwa wanajeshi, maofisa na watu walio karibu nao. Serikali iliita hatua hiyo Vita vya Uchumi.

Waliopewa maduka ya mjini walipokea rafu zenye bidhaa. Hawakupokea vitu vilivyokuwa vikijaza rafu hizo: mahusiano na waagizaji, ujuzi wa nyaraka za forodha, hesabu za madeni, na uaminifu uliojengwa kwa miaka mingi ambao ulimwezesha mtu kuchukua shehena leo na kulipa baada ya mavuno. Bidhaa zilizokuwapo ziliuzwa; za kuzirithi hazikuja. Mwenye duka Mwafrika wa kijijini, ambaye kwa maneno ya serikali ndiye aliyekuwa amekombolewa, aliteremka Mbale akakuta ghala halina kitu, au akakuta mtu asiyemfahamu anayetaka fedha taslimu.

Viwanda vilifuata. Sukari ya Uganda ilitoka hasa Kakira, kiwanda cha familia ya Madhvani karibu na Jinja, na Lugazi, cha familia ya Mehta. Uzalishaji wa nchi ulikuwa umefikia tani 152,000 mwaka 1968. Mwaka 1984 ulikuwa tani 2,400 tu. Nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikawa nchi ambamo sukari ilipatikana kwa kibali.

Sabuni ilikuwa na mkasa wake. Sabuni na mafuta ya kupikia yalitegemea kwa sehemu kubwa mbegu za pamba. Wakulima walipopunguza pamba kwa sababu fedha zake hazikuwa na cha kununua, vinu vya mafuta vilikosa mbegu, sabuni ikapungua, na sababu ya kulima pamba ikazidi kufifia. Katika mzunguko huo upungufu wa bidhaa ulizaa upungufu wa zao, na upungufu wa zao ukazaa upungufu wa bidhaa. Hakuna amri ya kulima iliyoweza kuukata, kwa kuwa amri ilimlenga mkulima ilhali tatizo lilikuwa nyuma ya rafu.

5. Kahawa yafuata sukari

Julai 1975 baridi kali iliteketeza mikahawa ya Brazil. Bei ya dunia ilipanda kwa kasi hadi kupita dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Kwa nchi yenye kahawa kama Uganda, hii ilikuwa neema. Lakini mkulima wa Elgon alilipwa bei iliyopangwa na serikali kupitia chama cha ushirika na Bodi ya Kahawa, kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani, mara nyingi kwa kuchelewa. Na hata alipolipwa, duka lilikuwa tupu.

Upande wa pili wa mpaka hali ilikuwa tofauti. Maduka ya magharibi ya Kenya yalikuwa na chumvi, sabuni, mafuta ya taa na nguo. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kilikuwa karibu zaidi na vijiji vingi vya Elgon kuliko Kampala. Shilingi ya Kenya ilikubalika popote. Kwa hiyo kahawa ilivuka. Ilibebwa vichwani usiku, ikapakiwa juu ya punda katika njia za mlimani, ikapita katika magari ya watu wenye vyeo. Soko la Chepkube, upande wa Kenya katika eneo la Bungoma, likawa maarufu katika kanda nzima kati ya mwaka 1976 na 1977 kama mahali ambapo kahawa ya Uganda ilinunuliwa kwa fedha taslimu.

Masimulizi ya Chepkube hujaa matajiri wa ghafla na malori ya usiku. Watu hao walikuwapo, na faida kubwa ilikwenda kwao. Lakini tukimfuata mkulima mdogo badala ya tajiri, tunaona safari yenye pande mbili. Aliyepanda mlima na gunia la kahawa aliteremka na sukari, chumvi na sabuni. Sehemu ya bidhaa hizo iliingia nyumbani. Sehemu iliuzwa kijijini, nyumba kwa nyumba au juu ya meza ya mbao sokoni. Kwa njia hiyo duka la kijijini liliendelea kuishi bila leseni na bila jengo. Magendo ya kahawa yalikuwa, kwa wakati mmoja, uagizaji wa bidhaa za lazima ambao dola ilikuwa imeshindwa kuufanya.

Katika biashara hiyo thamani ya kahawa ilijidhihirisha katika kipimo ambacho takwimu rasmi hazikukitumia, yaani kiasi cha sukari au idadi ya miche ya sabuni ambayo kilo moja ya kahawa ingeweza kuleta. Kwa kipimo hicho, bei rasmi ya Uganda ilikuwa karibu na sufuri pale bidhaa zilipokosekana kabisa, hata kama idadi ya shilingi iliongezwa. Kumwita mkulima huyo msaliti wa taifa, kama ilivyofanywa, kulikuwa kumtaka auze kwa kitu kisichonunua kitu.

6. Adhabu, vibali na maneno mapya

Serikali ilijibu kwa sheria. Mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi iliundwa kwa amri ya mwaka 1975, ikiwa na mamlaka ya adhabu kali hadi kifo kwa makosa ya magendo na ulanguzi. Bei zilipangwa, na bidhaa adimu zikagawiwa kwa vibali kupitia mashirika ya umma na maofisa. Kila kibali kilikuwa na bei yake mtaani, na aliyekishika mara nyingi alikiuza pasipo kuigusa bidhaa yenyewe.

Msamiati wa zama hizo unaeleza mfumo huo vizuri kuliko nyaraka nyingi za wizara. Neno magendo, ambalo katika Kiswahili cha pwani lilimaanisha biashara ya kuficha ushuru, lilipanuka nchini Uganda hadi kutaja uchumi wote uliokuwa nje ya bei rasmi. Waliotajirika kwa maduka na vibali waliitwa mafuta mingi, kwa sarufi ya Kiswahili cha mtaani na kambini. Maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote. Wananchi waliyachukua katika Kiswahili, lugha iliyosikika kambini, sokoni na mpakani, ili kutaja jambo ambalo serikali haikutaka kulitaja. Mtafiti wa historia ya uchumi akiyapuuza atakuwa ameacha kumbukumbu ambayo haikuhitaji kibali cha mtu.

7. Kurudi kwa bidhaa

Kuanguka kwa Amin mwezi Aprili 1979 hakukujaza rafu. Vita, uporaji na uhaba wa fedha za kigeni viliendelea. Mwezi Juni 1981 serikali ya Obote iliruhusu shilingi kushuka kutoka takribani 8 kwa dola moja hadi karibu 80, hatua iliyokiri hadharani thamani ambayo mpaka ulikuwa umeitangaza kwa miaka mingi. Familia ya Madhvani ilirejea Kakira katikati ya miaka ya 1980 na ukarabati ukaanza. Baada ya mwaka 1986 serikali mpya ilijaribu kwanza biashara ya kubadilishana bidhaa na nchi nyingine, kisha kuanzia mageuzi ya fedha ya Mei 1987 ikaelekea katika soko huria.

Somo la kipindi hiki lina pande mbili. Bei ya kahawa ilipata maana tena pale bidhaa ziliporudi, na hili linathibitisha hoja yetu. Lakini zilirudi katika mfumo ambao mali kauli ya zamani haikuwa nayo tena nguvu yake. Mwenye duka wa kijijini alihitaji fedha taslimu, na mkulima asiye na akiba alikosa mahali pa kukopa chumvi hadi mavuno. Ugavi ulijengwa upya haraka kuliko uaminifu. Katika vijiji vingi pengo la mkopo wa msimu lilijazwa na wanunuzi binafsi wa kahawa, wanaotoa fedha kabla ya mavuno kwa bei ya chini. Deni la zamani la dukani lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine.

8. Hitimisho

Historia hii inatoa mambo matatu kwa watafiti na washauri wa sera.

Kwanza, umiliki wa duka na uwezo wa duka ni mambo mawili. Sera iliyobadilisha jina la mwenye ghala pasipo kulinda ugavi, mikopo na ujuzi uliokuwa nyuma yake iliwaumiza zaidi wale iliodai kuwainua, yaani wenye maduka Waafrika wa vijijini na wateja wao. Dhuluma ya mfumo wa kikoloni wa biashara ilikuwa ya kweli, na ilihitaji tiba katika ngazi ya jumla, uagizaji na mikopo, ambako ndiko ilikokuwa imejikita.

Pili, bei ya mkulima ipimwe kwa bidhaa. Wizara na bodi za mazao katika kanda yetu huchapisha bei kwa fedha. Ingefaa kuweka kando yake jedwali rahisi linaloonesha kilo moja ya zao inanunua kiasi gani cha chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa katika duka la kijijini, kila msimu. Jedwali kama hilo lingalikuwapo mwaka 1976, lingalieleza magendo kabla ya kuundwa kikosi chochote cha kuyazuia.

Tatu, mpaka wa nchi ni sehemu ya mfumo wa ugavi wa vijiji vilivyo kando yake. Utaratibu wa forodha uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa nyaraka chache, umetambua ukweli huo. Hata hivyo, sukari bado imo katika orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa ushuru wa asilimia 100 zinapotoka nje ya Jumuiya, na mabishano juu ya asili ya sukari inayovuka kati ya nchi wanachama hujirudia. Bidhaa ileile iliyoivusha kahawa ya Elgon bado huamua, katika vijiji vingi vya mpakani, duka lipi litakuwa na wateja. Mshauri wa sera atakayetaka kujua kwa nini zao fulani halifiki katika ghala la nchi yake atapata sehemu ya jibu katika duka la kijijini, kwa kuhesabu kilichopo rafuni na kuuliza kilitoka upande gani wa mpaka.